UZI: Gata za nyumba za pwani, zinaanza kuoza wapi na zinakarabatiwaje zikadumu

Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu.

Kila mvua zikikaribia maswali ya gata kuvuja yanajaa humu na majibu ni yale yale, paka silikoni, bandika lami, ng'oa weka mpya. Kwa nyumba iliyo mbali na bahari hayo majibu yanaweza kukufikisha, ila kwa aliyejenga sehemu ambayo usiku anasikia mawimbi ni kupoteza hela, kwa sababu tatizo lake ni lingine kabisa. Mimi kazi yangu ni mabati na gata, nyumba ninazopanda nyingi ni za pwani, na inaniuma kuona mtu anaziba tundu lile lile kila mwaka wakati angelishughulikia vizuri mara moja akatulia. Nitaandika kirefu kidogo, mwenye swali aulize humu humu.

Cha kwanza kabisa, gata ya pwani hailiwi na mvua. Inaliwa na chumvi iliyokaa pale ambapo mvua haifiki.

Chukua ngazi ukaangalie mwenyewe. Usianze na ndani, wote tunakimbilia ndani. Pitisha kidole chini ya tumbo la gata halafu pitisha mgongoni, ule upande unaotazama fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa unaobeba gata). Ndani ya gata maji ya mvua yanapita yanasuuza, lakini huko chini na mgongoni paa limekinga, tone halifiki, kwa hiyo chumvi inayoletwa na upepo wa bahari inatua hapo, inakaa, inaongezeka mwezi hadi mwezi. Kidole kitatoka na ungaunga mweupe unaokwaruza. Ukirudi alfajiri utakuta sehemu hiyo hiyo imelowa na inanata wakati ukuta wa pembeni ni mkavu kabisa. Sababu ni kwamba chumvi ya kawaida inaanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na chumvi ya bahari ina magnesi kloraidi ndani yake ambayo inanyonya hata unyevu ukiwa chini ya asilimia 40. Pwani usiku unyevu unapita hapo bila shida. Kwa hiyo hata kiangazi, wiki na wiki hakuna mvua, gata yako inalala na maji ya chumvi mgongoni.

Sasa njoo kwenye hesabu, hii ndo watu wengi hawaambiwi dukani. Gata nyingi za bati ni chuma kilichovikwa zinki. Bati lililoandikwa Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, ambayo ni kama maikroni 20 kila upande, yaani milimita 0.02. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9223, kinachogawa mazingira kwa ukali wa kutu. Kwenye daraja la C5, ambako zinaangukia pwani zenye chumvi nyingi, zinki inaliwa maikroni 4.2 mpaka 8.4 kwa mwaka. Gawa mwenyewe, ni miaka miwili na nusu mpaka mitano hivi zinki imekwisha chuma kiko uchi. Ukiuziwa Z100, ile nyepesi, ina maikroni 7 tu kila upande, inaweza isimalize hata miaka miwili. Wakati huo daraja la C3, lenye ukali wa wastani, zinki hiyo hiyo inaliwa maikroni 0.7 mpaka 2.1 ndo maana ndugu yako wa mbali na bahari ana gata ile ile miaka kumi na hakuelewi unalalamika nini.

Kwa hiyo kabla hujagusa silikoni, ukarabati wa kwanza wa gata ya pwani ni kuosha chumvi kwa maji baridi ya bomba. Sabuni laini, brashi ya nailoni, osha chini, mgongoni, kwenye mabreketi na vichwa vya skrubu, halafu suuza vizuri. Chumvi nyingi inashuka ndani ya mita mia chache za mwanzo kutoka mawimbi yanapopasukia, hivyo aliye mstari wa mbele aoshe kila mwezi kipindi cha ukame, aliye nyuma kidogo kila miezi mitatu inatosha. Mvua zikiwa zinapiga, ndani kunajiosha kwenyewe lakini chini na mgongoni bado ni kazi yako.

Naendelea chini na aina za ugonjwa.

Mleta uzi

Kutu ziko mbili, usizichanganye. Ukiona ungaunga mweupe mzito kwenye bati la zinki, hiyo ni zinki yenyewe inaliwa, chuma bado kiko salama, unaosha, unasugua, unapaka rangi, mchezo umeisha. Ukiona wekundu, zinki pale imeshaondoka. Hapo chukua bisibisi bonyeza kwa kidole gumba tu, usipige nyundo. Ikikataa kuingia bado kuna chuma cha kufanyia kazi. Ikizama, hata kama juu rangi inang'aa, hilo eneo ni la kukata.

Pa kukagua haraka ni kwenye maungio, kwenye kona, pale breketi inapokumbatia gata (chumvi na mchanga vinajikusanya katikati ya vyuma viwili hivyo na havikauki), na kuzunguka tundu la bomba la kushukia. Majani nayo yakilala ndani ya gata yanashika unyevu chini yake siku nzima, ukiyafunua unakuta mstari wa kutu umechora umbo la lile rundo.

mpangaji_mpole

Mkuu asante kwa somo. Yangu bati bado zima kabisa ila inavuja kwenye maungio matatu, fundi alikuja akapaka silikoni mvua ya kwanza ikashika, ya pili ikabanduka kama utando, na sasa nikiangalia naona pale alipopaka pamekuwa peupe peupe pameanza kuliwa wakati kabla hapakuwa hivyo. Ni mimi naona vibaya au silikoni inakula bati?

Mleta uzi

Unaona sawa kabisa mkuu. Je wakati anapaka kulikuwa na harufu kali ya siki? Kama ndiyo basi jibu unalo. Silikoni za bei ya chini nyingi zinakauka kwa kutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo inashambulia zinki. Inafaa kwenye vioo na vigae, kwenye bati la zinki hapana. Unachotakiwa kuomba dukani ni silikoni ya nyutro, haina harufu ya siki, au gundi ya poliyurethani ya kuzibia maungio, au ile ya butili kwa ndani ya maungio. Soma ubavuni mwa tyubu, kama imeandikwa asetoksi irudishe.

Halafu sababu ya kubanduka ni nyingine tena. Alipaka juu. Maungio ya gata hayazibwi kwa kupaka juu ya mstari, yanazibwa kwa kuweka gundi katikati ya mabati mawili kabla hayajabanwa. Fungua maungio, toa riveti za zamani kwa kuzitoboa na drili, kwangua silikoni yote mpaka ya mwisho kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, osha chumvi, acha ikauke kabisa, futa na spiriti, weka mistari miwili ya gundi, laza kipande cha juu ya mtiririko KIWE JUU ya kile cha chini ili maji yakipita yasikutane na mdomo wa bati, banisha, piga riveti kila sentimita 4 au 5. Tone dogo la gundi juu ya kila kichwa cha riveti upande wa ndani. Usimwagie maji siku hiyo, gundi inataka muda wake, fuata saa zilizoandikwa kwenye tyubu.

Kuhusu riveti, zile za alumini za kawaida zina msumari wa chuma katikati na kichwa chake kinabaki ndani ya riveti baada ya kukatika. Hicho ndo kinaanza kutoa machozi ya kutu pwani. Omba riveti zilizofungwa mkiani, au zile ambazo hata msumari wake ni alumini.

mzee_wa_plastiki

Mnajisumbua na mabati. Ng'oeni wekeni gata za plastiki, PVC, chumvi haina habari nayo. Mimi nimeweka na nimesahau.

Mleta uzi

Kaka ni chaguo zuri na nawashauri wengi, kweli chumvi haili PVC. Ila nayo pwani ina mambo yake na naomba uniruhusu niyaweke wazi mtu asije akadhani ni kuweka na kusahau.

Moja ni jua. PVC isiyo na kinga nzuri ya mionzi inachakaa juu, inakuwa na unga kama chaki, halafu inakuwa ngumu ya kuvunjika. Ukigonga kwa ukucha utasikia mlio umebadilika, wa juzi unalia mzito, wa zamani unalia mkavu. Ukifika hapo ukitaka kubandika kwa gundi ya PVC lazima usugue ule unga mpaka ufike kwenye plastiki yenyewe, la sivyo unabandika vumbi.

Pili ni kutanuka. Plastiki inatanuka sana kuliko chuma. Gata ya mita 10 ikipata joto lililozidi la asubuhi kwa nyuzi 30, na juu ya paa hilo ni jambo la kila siku, PVC itarefuka kama milimita 18, alumini kama 7, chuma chini ya 4. Sasa fundi akiifunga kwa skrubu pande zote bila kuacha nafasi, hiyo milimita 18 itatafuta pa kwenda, itapinda au itang'oa maungio. Wengi wanaolalamika kwamba gata ya plastiki inavuja kwenye maungio tatizo ni hili, wala sio gundi. Ndani ya kiungio kuna alama ya mpaka wa kuingiza, usiisukume mpaka mwisho, heshimu hiyo alama, hasa ukiifunga asubuhi kukiwa baridi.

Tatu, gata ni ya plastiki sawa, skrubu zake je? Hizo ni chuma na chumvi inazila, siku moja upepo unakuja unaichukua gata nzima ikiwa haijatoboka hata sehemu moja.

mama_wa_veranda

Kaka habari. Mimi yangu ni bati, nimebonyeza kwa bisibisi kama ulivyosema, imezama sehemu mbili karibu na kona na nyingine katikati, tundu la katikati linaweza kupita kidole. Sina uwezo wa kubadilisha yote kwa sasa. Inawezekana kuweka kiraka kikadumu au najidanganya? Fundi mmoja ameniambia ataziba kwa saruji na mwingine kasema lami ya kubandika.

Mleta uzi

Habari njema dada yangu, inawezekana na kiraka kikiwekwa vizuri kinadumu. Ila saruji ikatae kabisa. Saruji mbichi ni kali, inakula zinki na alumini vibaya, na ikikauka haishikani na bati, inaacha mwanya mwembamba ambao maji yanaingia hayatoki. Ukija kuibandua unakuta tundu limekuwa mara mbili. Lami ya kubandika inakusaidia kuvuka mvua ya wiki hii, kwa dharura sina ugomvi nayo, lakini jua linaikausha inapasuka na chini yake unyevu unabaki unaendelea na kazi.

Fanya hivi, na msimamie fundi wako hatua kwa hatua.

Aanze kwa kuosha. Wengi wanaanza na brashi ya waya kwenye kutu kavu, hapo wanasukuma chumvi iingie ndani ya vishimo vya kutu. Aoshe kwa maji, asugue, aoshe tena, pakikauka aangalie, palipobaki peusi peusi ndani ya vishimo arudie. Hii hatua inachosha na ndo mafundi wanairuka, lakini ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya chumvi inavimba malengelenge. Chumvi iliyofungiwa chini ya rangi inavuta maji kupitia kwenye rangi yenyewe, inayajaza pale chini, na kutu inaendelea huku wewe unaona rangi mpya inang'aa.

Akate sehemu iliyooza mpaka afike kwenye bati zima. Akate kwa mkasi wa bati, asitumie grainda. Grainda inachoma zinki pembeni ya mkato, na cheche zake ni vipande vya chuma cha moto vinavyojibandika kwenye bati la jirani na kwenye paa, baada ya siku chache unaona vidoti vya kutu vimetapakaa kila mahali na unajiuliza vimetoka wapi.

Kiraka kiwe cha bati la aina ile ile, kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, kona zake zikatwe mviringo zisiwe kali. Kwenye kona ya gata ambapo bati halikunjiki vizuri tumia kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi, tabaka mbili, inafuata umbo lolote. Kiraka cha bati kiwekwe upande wa ndani, gundi ya nyutro au poliyurethani chini yake ienee yote isiache hewa, riveti kuzunguka, mstari wa gundi kwenye ukingo unaopokea maji.

Kisha praima (rangi ya msingi) yenye zinki nyingi kwenye chuma kilicho wazi. Hiyo praima inafanya kazi tu ikigusa chuma chenyewe, ukiipaka juu ya rangi ya zamani haina faida, kwa hiyo asugue mpaka chuma king'ae. Halafu rangi ya juu, tabaka mbili, na hapa namuomba kila mtu anisikilize, ipakwe CHINI na MGONGONI pia. Fundi anapaka panapoonekana na mtu aliyesimama uani, wakati chumvi inakaa pasipoonekana. Kama breketi zinaruhusu, legeza gata ishushe kidogo upate nafasi ya brashi, na ukiirudisha acha mwanya kama wa sentimita moja kati ya gata na fisha bodi ili upepo upite na maji ya kuoshea yafike.

Ukishafika hapo angalia na fisha bodi yenyewe. Bisibisi ile ile, bonyeza ubao pale skrubu za breketi zinapoingia. Ubao ukiwa laini, kiraka chote hicho unakitundika kwenye kitu kisichoshika.

mama_wa_veranda

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Wa saruji nimeshamwambia asije. Swali la nyongeza, skrubu za breketi ni zile nyeusi za mbao, zimeshika kutu zote. Ninunue gani?

fundi_msasa

Mleta uzi samahani niingilie hapa kidogo na mimi niko kwenye hii kazi.

Dada zile nyeusi ni za ndani ya nyumba, za jipsamu, nje ya pwani hazina maisha kabisa. Nunua stenlesi, na stenlesi sio moja. Kuna 304 na kuna 316, tofauti ni kwamba 316 imeongezewa molibdeni asilimia 2 mpaka 3, ambayo ndo inaizuia isitobolewe na chumvi. 304 mstari wa mbele wa bahari inaanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Smaku haitakusaidia kuzitofautisha, angalia maandishi kwenye kichwa au kwenye boksi, A2 ni ya jamii ya 304, A4 ni ya jamii ya 316.

Halafu jambo la metali kupigana. Ukikutanisha metali mbili tofauti na kuna maji ya chumvi kati yao, iliyo dhaifu inaliwa ili ile imara ipone. Shaba ni imara, zinki na alumini ni dhaifu. Kwa hiyo usiweke kitu chochote cha shaba JUU ya mtiririko wa gata ya bati au alumini, hata bomba dogo la shaba la maji ya AC likidondokea kwenye paa, yale maji yanabeba shaba kidogo kidogo na yakifika kwenye gata yanaitoboa mstari mmoja ulionyooka. Nimeona mabati mazima kila mahali isipokuwa huo mstari. Stenlesi na alumini zinavumiliana kwa sababu skrubu ni ndogo na gata ni kubwa, lakini tia washa (kipete) ya mpira zisigusane moja kwa moja. Kinyume chake ni hatari zaidi, skrubu ya chuma cha zinki kwenye kipande kikubwa cha stenlesi inaisha haraka sana.

Mleta uzi

Fundi umemaliza, shukrani. Hilo la maji ya AC naliongezea nguvu, hamisheni bomba lishuke ardhini moja kwa moja.

jirani_na_bwawa

Wakuu mimi sina tundu hata moja lakini mvua ikipiga sana maji yanamwagika katikati ya gata mbele ya mlango, na ikikatika maji yanabaki yametuama siku nne tano mbu wanajaa. Nimeshauriwa niweke gata kubwa zaidi.

Mleta uzi

Mkuu kabla ya kununua gata kubwa pima mteremko. Maji yakituama siku tano mteremko wako ni tambarare au umekaa tumbo katikati, na hilo tumbo ndo mlangoni pako. Gata inataka kushuka milimita 2 mpaka 5 kwa kila mita kuelekea bomba la kushukia, yaani gata ya mita 10 ishuke kati ya sentimita 2 na 5 kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa macho hutaiona vizuri. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, jaza maji bila mapovu, shika ncha mbili kwenye fisha bodi, usawa wa maji ndo usawa wa kweli, weka alama pande zote kisha shusha upande wa bomba kwa kipimo chako na vuta kamba katikati ya alama mbili. Mabreketi yote yafuate kamba. Ukiona moja limeshuka chini ya kamba, tumbo lako ni hilo. Mabreketi yawe kila sentimita 60, na pwani yenye upepo mkali mimi napiga kila 45, maana wanaoweka kila mita moja gata inainama yenyewe kwa uzito wa maji na mchanga.

Mchanga wa pwani nao msiudharau, upepo unauleta juu ya paa, mvua inaushusha, unalala chini ya gata pale mteremko ulipolegea na unabaki umelowa na chumvi yake. Toa kwa kijiko cha plastiki, usikwangue kwa koleo la chuma.

Ukishanyoosha mteremko na bado inamwagika ndo tuangalie ukubwa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako upande huo likiwa na mita za mraba 60 na mvua ikapiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, ni lita 6,000 kwa saa, lita 100 kila dakika zinatafuta tundu moja. Kipimo cha haraka tunachotumia, gata iwe na angalau sentimita moja ya mraba ya nafasi kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa hiyo yako iwe na nafasi ya sentimita za mraba 60 au zaidi. Kama iko karibu na hapo, badala ya kubadilisha gata ongeza bomba la pili la kushukia upande wa pili na ugawe mteremko uende kote kuwili, kila bomba linabeba nusu ya maji. Ni kazi ndogo zaidi na gata yako inabaki.

Na mbu, joto likiwepo yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 mpaka 10, kwa hiyo maji ya siku tano yakiongezewa na mvua ya siku ya sita tayari una kitalu. Hao Aedes wanaobeba dengi wanapenda sana maji ya aina hii, na mayai yao yanastahimili ukavu miezi kadhaa, ukikausha tu bila kusugua kuta za gata mvua ijayo wanaibuka tena. Sugua.

mpangaji_mpole

Mkuu gata zangu zinaingia kwenye tangi tunalokunywa. Hizi rangi na praima vipi?

Mleta uzi

Swali muhimu. Chomoa bomba la tangi kabla ya kuosha, kwa sababu yale maji ya kuoshea yana chumvi, sabuni na kinyesi cha ndege, yamwagikie chini. Likae limechomolewa mpaka rangi na gundi vikauke kabisa kwa muda ulioandikwa, na mvua ya kwanza baada ya hapo pia imwage. Ndani ya gata tumia rangi ambayo kopo lake linasema inafaa kwa maji ya kunywa, usitumie yenye madini ya risasi, na kama gata ni ya zamani iliyounganishwa kwa risasi usinywe maji yake kabisa mpaka uibadilishe.

mzee_wa_plastiki

Mleta uzi nimekuelewa, leo nimepanda kuangalia skrubu zangu, nne zimekatika vichwa nikizigusa tu. Naagiza A4. Ila upande wa nyuma nina gata za zamani sana za kijivu, nzito, sio bati sio plastiki, kama saruji hivi. Zina ufa mmoja. Hizo naziba na nini?

Mleta uzi

Kaka simama hapo hapo, usiiguse kwa msasa wala drili wala brashi ya waya. Gata za kijivu nzito zinazofanana na saruji kwenye nyumba za zamani mara nyingi ni za asbesto. Ikiwa nzima na imetulia haina haraka, lakini ukiikata, ukiitoboa au ukiisugua inatoa nyuzi ndogo usizoziona zinazoingia kwenye mapafu na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Usiioshe kwa presha ya maji pia. Weka ndoo chini ya ufa kwa sasa, zuia watoto wasicheze pale, na tafuta watu wenye kibali cha kuondoa asbesto waje waitoe ikiwa imeloweshwa na ikiwa nzima, bila kuvunjwavunjwa. Fundi yeyote atakayekuambia anaikata kwa grainda dakika kumi, mkatalie.

Wakishaitoa ndo urudi hapa tuongee mabreketi, maana hizo ni nzito sana na fisha bodi iliyokuwa inazibeba miaka yote hiyo lazima ikaguliwe yote kabla hujafunga kitu kipya.